Kifungua Kinywa cha Wafanyakazi Katika Jiji la New York

Anayetaka kujua jinsi mji unavyowatunza watu wake asianze na majumba yake marefu. Na aamke mapema, kabla jua halijapanda, aangalie watu wa kazi wanakula nini, wanakula wapi, na wanalipa kiasi gani. Majumba hujengwa ili wageni wayastaajabie. Chakula cha asubuhi hupikwa kwa ajili ya wenyeji, na kwa hiyo ndicho kinachosema kweli.

Wengi wetu tunalijua jiji la New York kwa picha: maghorofa yake, Sanamu ya Uhuru iliyosimama bandarini tangu mwaka 1886, na Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa kando ya mto. Hayo yote yanafaa kutazamwa. Lakini msafiri aliyefuatana na mama yake mzazi, mkewe na watoto wawili huamka na swali lililo kubwa kuliko hayo yote: leo asubuhi tutakula nini, na je, fedha zitatosha?

Swali hilo si dogo. Katika hoteli za katikati ya jiji, chakula cha asubuhi cha mtu mmoja chaweza kupita dola 30. Kwa jamaa ya watu watano hesabu hiyo ni dola 150 kabla mtu hajapanda treni wala kununua tikiti ya kuingia mahali popote. Njia ya pili ni kununua kahawa katika bilauri ya karatasi na kipande cha mkate mtamu, mkala huku mkitembea. Vijana huweza kufanya hivyo. Lakini mama mtu mzima hali akitembea barabarani, wala si adabu kumtaka afanye hivyo.

Ipo njia ya tatu, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 150. Wamarekani huiita daina.

DAINA NI KITU GANI

Daina ya asili ni mkahawa mrefu na mwembamba. Upande mmoja kuna kaunta inayokwenda toka mwisho hadi mwisho, na mbele yake zimepangwa stuli za duara zilizokazwa sakafuni. Nyuma ya kaunta kuna bamba pana la chuma lenye moto chini yake, na hapo mpishi hukaanga mayai, viazi na nyama mbele ya macho ya mteja. Upande wa pili, kando ya madirisha, kuna benchi zinazokabiliana mbili mbili na meza katikati, mithili ya viti vya ndani ya behewa la treni.

Mfanano huo haukutokea kwa bahati. Jina lenyewe limetokana na behewa la chakula la treni. Kwa miaka mingi daina zilitengenezwa viwandani zikiwa nzima, zikasafirishwa kwa reli au kwa barabara hadi kiwanjani, zikawekwa juu ya msingi, zikaunganishwa na maji na umeme, zikaanza kazi. Kitu kinachosafirishwa hivyo sharti kitoshee njia, ndiyo maana zikawa nyembamba.

Si zote zilizo na umbo hilo. Katika New York nyingi zimo chini ya majumba ya ghorofa, na kibao cha nje hutaja kahawa tu bila kutaja neno daina. Lakini ukiingia utaikuta kaunta ile ile, bamba lile lile, na mayai yale yale.

ASILI YAKE NI ZAMU YA USIKU

Habari za daina huanzia katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Mwaka 1872, mtu mmoja aliyeitwa Walter Scott, ambaye alipata kufanya kazi ya uchapaji, alianza kuuza chakula usiku katika gari la kukokotwa na farasi. Aliliegesha karibu na ofisi za gazeti la Providence Journal. Wakati huo wafanyakazi wa gazeti walikuwa wangali kazini, na mikahawa ya mji ilikuwa imekwisha kufungwa. Scott aliwauzia mkate wenye nyama ndani, mayai ya kuchemsha, vipande vya pai, na kahawa ya moto. Wateja walisimama nje, wakapokea chakula dirishani, wakala hapo hapo kwenye baridi. Sisi tunaopata mkate wetu katika kazi za magazeti hatuna budi kumkumbuka mtu huyo kwa heshima.

Wengine waliiga biashara hiyo na kuitengeneza. Magari yalipanuliwa, yakatiwa stuli ndani ili mteja asinyeshewe na mvua. Katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, kazi ya kuyatengeneza ikawa ya viwanda. Kampuni ya Worcester Lunch Car iliyoanza mwaka 1906 ilitoa daina kwa mamia. Baadaye jimbo la New Jersey, lililo ng'ambo tu ya mto kutoka New York, likawa makao ya watengenezaji wakubwa, na miongoni mwao kampuni ya Jerry O'Mahony. Farasi wakaondolewa, magurudumu nayo yakaondolewa, daina zikakaa mahali pamoja.

Na zilikaa wapi? Zilikaa karibu na malango ya viwanda, bandarini, kwenye stesheni za treni na kando ya barabara za malori. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila anayeingia humo leo. Daina haikubuniwa kwa ajili ya anasa. Ilibuniwa kwa sababu mtu wa zamu ya usiku alikuwa na njaa, na milango yote ilikuwa imefungwa.

MEZANI

Sisi tulielekezwa na mpwa wangu, ambaye ni muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya upande wa Bronx. Alipotusikia kwenye simu tukihesabu fedha za chakula cha hotelini alisema, "Mjomba, msile hapo. Kesho nikitoka zamu nitawapitia. Bibi hawezi kushindia mkate mkavu na mimi nipo." Saa moja na nusu asubuhi tukawa tumeketi kando ya dirisha, watu sita katika meza ya watu wanne.

Palikuwa pamejaa watu wa kazi. Walikuwapo wauguzi wenzake waliovaa sare za rangi ya buluu, dereva wa basi na kofia yake, mafundi ujenzi wanne walioweka helmeti zao juu ya kaunta, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti pasipo haraka. Mhudumu, mama wa makamo, alitufikia na jagi la kahawa mkononi kabla hatujakaa sawasawa. Kila mtu alimwita "mpenzi": mafundi, dereva, na mama yangu pia. Watoto wakacheka. Mama akauliza yule anasema nini, na mpwa wangu akajibu, "Anakuamkia, Bibi." Mama akaitika kwa utulivu, "Marahaba, mwanangu." Tangu hapo hakuna aliyecheka tena.

Kisha yakaanza maswali. Mayai mawili, vyema, lakini yapikwe vipi? Kiini kibaki juu kama jicho? Yageuzwe mara moja? Yavurugwe? Yachemshwe? Na mkate je, mweupe, wa ngano isiyokobolewa, au wa nafaka ya rai? Soseji au nyama ya kukaushwa kwa moshi? Mgeni hudhani anahojiwa na polisi. Lakini nilipowatazama wale mafundi nilielewa desturi hiyo. Mtu ambaye siku nzima huambiwa na wengine abebe nini na asimame wapi, hapa kwa nusu saa yeye ndiye anayesema yai lake liweje, na mpishi hutii.

Sahani ilipokuja ilikuwa na mayai mawili, viazi vilivyokatwa vipande vidogo vikakaangwa pamoja na vitunguu hadi kuwa vya kahawia, na mkate uliochomwa na kukatwa pembetatu, pamoja na siagi na jemu. Kahawa hujazwa tena na tena bila kulipiwa upya. Watoto waliletewa chapati nene za unga wa ngano, maziwa na mayai, tatu tatu zikiwa zimepangana, na juu yake humiminwa maji matamu yatokanayo na utomvu wa mti wa mepo. Yule mdogo alizikagua, akatoa hukumu yake: "Hizi ni chapati za maji zilizonenepa."

Chai ndiyo iliyotushinda. Mama aliomba chai ya maziwa. Akaletewa kikombe cha maji ya moto, mfuko mdogo wa karatasi wenye majani ndani yake, na kipande cha limau. Alivitazama vitu hivyo kwa muda, kisha akauliza kama chai yenyewe ingali jikoni. Mpwa wangu alikwenda kaunta, akazungumza na mhudumu, akarudi na maziwa ya moto katika bakuli. Hata hivyo, anayekwenda huko na mzee wake na ajue mapema kwamba katika daina mwenye nyumba ni kahawa, na chai ni mgeni.

Tahadhari nyingine yawahusu wasiokula nguruwe. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana katika chakula hiki, na aghalabu hukaangwa juu ya bamba lile lile linalopikiwa mayai na viazi. Asiyeitaka na aagize mayai ya kuchemsha, uji wa shayiri, matunda na mkate, au aulize kwanza. Hakuna atakayemkasirikia, kwa kuwa kuulizana ndiyo desturi ya mahali hapo.

STULI YA KAUNTA

Binti yangu, aliye na miaka 14, alipomaliza kula aliomba akakae kwenye stuli ya kaunta, maana stuli zile huzunguka. Nilimruhusu, lakini kwanza nikamsimulia habari ya stuli hizo.

Tarehe 1 Februari 1960, katika mji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ndani ya duka la Woolworth, wakaomba kahawa. Kaunta ile ilikuwa ya wazungu peke yao. Hawakupewa kahawa, nao hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa. Kesho yake walirudi wakiwa wengi zaidi, na kesho kutwa wengi zaidi tena. Jambo hilo likaenea katika miji mingi ya kusini. Mwezi wa Julai mwaka huo huo kaunta ile ikafunguliwa kwa watu wote.

Habari ya pili yatuhusu Waafrika kwa karibu zaidi. Mwaka 1961 mabalozi wa nchi za Kiafrika zilizokuwa zimepata uhuru walikuwa wakisafiri mara kwa mara kwa gari kati ya Umoja wa Mataifa, New York, na mji mkuu, Washington. Njia yao ilipita katika jimbo la Maryland, kwenye barabara iitwayo Njia Namba 40, ambako mikahawa mingi haikuwahudumia watu weusi. Mwezi wa Juni mwaka huo, Balozi wa Chad, Malick Sow, akiwa njiani kwenda Washington kupeleka hati zake za utambulisho kwa Rais Kennedy, alisimama katika daina moja ya barabara hiyo, akaomba kahawa. Alikataliwa kwa ajili ya rangi yake. Naye hakuwa balozi pekee aliyetendewa hivyo.

Jambo hilo liliiaibisha serikali ya Marekani mbele ya dunia. Mwezi wa Agosti waandishi watatu weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore walivaa mavazi ya heshima, wakajifanya wakuu wa nchi ya Kiafrika ambayo haikuwapo popote, wakaenda mkahawa kwa mkahawa. Baadhi ya mikahawa ikawakaribisha kama wakuu, ilhali Mmarekani mweusi wa kawaida asingepewa hata kiti. Kwa shinikizo la serikali, na zaidi kwa shinikizo la vyama vya kupigania haki vilivyotishia maandamano makubwa ya magari, mikahawa mingi ya barabara ile ilikubali kufungua milango yake kabla ya mwaka kwisha. Sheria ya Haki za Raia ya nchi nzima ikapitishwa mwaka 1964.

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba mwaka ule ule wa 1961, na siku tano baadaye ikapokewa katika Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo wajumbe wetu wa kwanza waliingia New York wakati ambapo kikombe cha kahawa barabarani kilikuwa bado ni jambo la kushughulikiwa na mawaziri.

Mama yangu alisikiliza yote, akafuta midomo yake kwa leso. "Basi mwache mtoto akae," alisema. "Na akae vizuri." Binti akaenda, akapanda stuli, wala hakuizungusha.

WENYE KAUNTA NA WAPISHI

Mtu angetazamia kwamba chakula hiki cha Kimarekani hupikwa na Wamarekani wa tangu zamani. La hasha. Katika New York daina nyingi zimekuwa mali ya Wayunani waliohamia huko, hasa baada ya sheria ya mwaka 1965 iliyoondoa viwango vya zamani vya kubagua wahamiaji kwa nchi walizotoka. Wengi wao walianza kwa kuosha vyombo, wakapanda wakawa wapishi, wakachanga fedha pamoja na ndugu zao, wakanunua mahali pao wenyewe. Ndiyo maana katika orodha ya vyakula, ambayo yaweza kuwa na kurasa nyingi kama daftari la shule, utaona pai ya mchicha ya Kiyunani ikikaa jirani na mayai na viazi.

Hata kikombe cha karatasi cha jiji hilo kina habari yake. Mwaka 1963 mtu aitwaye Leslie Buck, aliyezaliwa Chekoslovakia na kunusurika katika kambi za mauaji za Wanazi, alichora kikombe cha rangi ya buluu na nyeupe chenye nakshi za Kiyunani na maneno ya kumwambia mnunuzi kwamba wauzaji wanafurahi kumhudumia. Alikusudia kiwapendeze wenye daina Wayunani. Kikapendwa na jiji zima, kikawa alama yake.

Siku hizi, ukichungulia nyuma ya kaunta, mpishi aghalabu ni mtu aliyetoka Mexico, Ecuador au nchi nyingine ya Amerika ya Kilatini. Hivyo kifungua kinywa kinachoitwa cha Kimarekani humilikiwa na Myunani, hukaangwa na Mmexico, na asubuhi ile tulikila sisi Watanzania tukiongozwa na muuguzi kutoka kwetu.

BEI NA BAKSHISHI

Tuzungumze fedha, kwa kuwa ndizo zilizotupeleka huko. Sahani ya mayai mawili, viazi na mkate katika daina za New York siku hizi huwa aghalabu kati ya dola 10 na 17, kwa kadiri ya mtaa. Sahani ni kubwa, na watoto wawili wadogo huweza kushiba kwa moja, ingawa baadhi ya daina hutoza kidogo kwa sahani ya kugawana.

Lakini bei iliyoandikwa si bei ya mwisho. Kwanza huongezwa kodi ya mauzo, ambayo katika jiji hilo ni asilimia 8.875. Pili ni bakshishi ya mhudumu, asilimia 15 hadi 20. Chakula cha dola 60 huongezeka kodi ya dola 5 na senti zaidi, na bakshishi ya dola 10 hivi, kikafika karibu dola 76. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi laki moja na nusu. Si kidogo kwa mfanyakazi. Hata hivyo ni nusu ya ile hesabu ya hotelini, na watu sita waliondoka wameshiba mpaka saa nane mchana.

Wako wageni wanaoiona bakshishi kama hisani, wakaondoka bila kuiacha. Hawafanyi haki. Sheria ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi mshahara mdogo kuliko wa wafanyakazi wengine. Kiwango hicho cha chini cha taifa ni dola 2 na senti 13 kwa saa, nacho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Jimbo la New York limeweka kiwango cha juu zaidi ya hicho, lakini hata huko mhudumu hutegemea bakshishi ili kutimiza riziki yake. Kwa maneno mengine, sehemu ya mshahara wa yule mama aliyetuita wapenzi huachwa mezani na mteja. Atakayeihesabia familia yake bei ya chakula na aihesabu na fedha hiyo tangu mwanzo. Kama haimo mfukoni, basi chakula chenyewe hakimo mfukoni.

KWA NINI ZINAPUNGUA

Mpwa wangu alituambia kwamba hiyo ndiyo daina aliyobakiwa nayo karibu na kazini kwake. Habari hiyo ni ya jiji zima. Daina ni jengo fupi lililokalia kiwanja cha thamani kubwa. Mteja hukaa saa nzima kwa kikombe cha kahawa, na yai haliwezi kuuzwa kwa bei ya kulingana na kodi ya kiwanja cha Manhattan. Mwenye ardhi akipiga hesabu, huona ghorofa mahali pa kaunta.

Daina ya Moondance, iliyokuwa katika mtaa wa SoHo, ilifungwa mwaka 2007. Kwa kuwa ilikuwa ya zile zilizotengenezwa zikiwa nzima, ilinunuliwa, ikapakiwa juu ya lori, ikasafirishwa zaidi ya kilometa 3,000 hadi mji mdogo wa La Barge, jimbo la Wyoming. Mwaka uliofuata daina ya Cheyenne, iliyokuwa upande wa magharibi wa Manhattan, nayo ikafungwa. Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa Uviko. Daina nyingi zilizokuwa zikifunguliwa saa 24 zilipunguza saa zao, na baadhi hazikuzirudisha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mafua ya ndege yaliua kuku wengi nchini Marekani, bei ya mayai ikapanda kupita kiasi, na kampuni moja kubwa ya mikahawa ya kifungua kinywa, Waffle House, ikaongeza senti 50 kwa kila yai.

Yai likipanda bei leo, kesho laweza kushuka. Lakini kaunta ikiisha kubomolewa hairudi. Na anayeumia kwanza si mtalii, maana yeye atapanda ndege aende zake. Anayeumia ni muuguzi atokaye zamu alfajiri, ambaye amesimama usiku kucha na anataka kukaa mahali penye joto, aletewe chakula cha moto na mtu anayemfahamu.

SHAURI KWA MSAFIRI

Atakayekwenda New York, au mji mwingine wowote wa Marekani, pamoja na jamaa yake, na azingatie mambo machache. Aondoke kwanza katika mitaa ya watalii, maana hapo hulipia taa za barabarani pamoja na mayai. Aangalie penye hospitali, kituo cha zimamoto, karakana ya mabasi au jengo linalojengwa, kwa kuwa watu wa huko hawana muda wala fedha za kupoteza. Asome orodha ya bei dirishani kabla ya kuingia. Aende siku ya kazi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Mwisho wa juma huwa na foleni ndefu ya watu walioamka wamechelewa. Akiwa peke yake au wawili, akae kaunta. Akiwa na wazee na watoto, aombe benchi za dirishani. Na kama mzee wake ni mnywaji wa chai ya maziwa, amtayarishe moyo mapema.

Waliotutangulia walisema tembea uone. Yako mambo ambayo mtu huyaona ugenini, kisha akayatambua kuwa ni ya kwao. Sisi nasi tunazo daina zetu, ingawa hazikutengenezwa viwandani. Ni mama lishe mwenye sufuria ya supu na chungu cha uji kando ya kiwanja cha ujenzi. Ni mkahawa wa chai, maandazi na mihogo karibu na lango la kiwanda. Ni bwana wa kahawa na birika lake la shaba stendi ya mabasi. Nao kila siku hulisha maelfu ya watu wanaowahi kazini, kwa bei inayolingana na mishahara yao. Na wao pia wamekalia ardhi ambayo thamani yake inapanda, na kila jengo jipya linapoanza, wao ndio wanaoambiwa wapishe.

Huko Marekani walipoanza kuzihurumia daina, nyingi zilikuwa zimekwisha kubomolewa, na chache zikaingizwa katika majumba ya makumbusho. Mfanyakazi hawezi kunywa supu katika jumba la makumbusho. Wanaopanga miji yetu, wanapochora mahali pa ofisi, maduka na maegesho ya magari, na wachore pia mahali pa sufuria ya asubuhi, penye maji safi, kivuli na benchi la kukalia.

Na wewe, ndugu msomaji, ukifika mji mgeni pamoja na jamaa yako, usiulize kwanza penye jumba refu kuliko yote. Uliza wanaotoka zamu ya usiku wanakula wapi. Mkifika hapo salimieni, mkae vizuri, mle mshibe, na kabla ya kuondoka muiache mezani haki ya aliyewahudumia.